Mót na Mikoko Isiyoguswa

Watu wa kitongoji cha Rạch Lá walikuwa na njia mbili za kwenda kuvua: ile fupi, inayopita mbele ya nyumba ya Mót, na ile ndefu, inayozunguka kisiwa kizima. Wengi walizunguka. Si kwa sababu ya panga lake, ingawa panga lilikuwapo na lilinolewa kila asubuhi. Ni kwa sababu ya mdomo. Mót aliweza kukutukana tangu mtumbwi wako unapochomoza kwenye kona hadi unapopotelea kwenye kona nyingine, asirudie tusi hata moja, na ukifika nyumbani unakuta mkeo ameshasikia yote.

"Funua hilo turubai!" angepiga kelele akiwa barazani. "Kuna nini chini? Samaki? Tangu lini samaki akaota magome?"

Nyumba yake ilisimama juu ya miti, peke yake, katikati ya kipande cha mikoko alichokabidhiwa akilinde. Mumewe alikaa humo misimu miwili ya kiangazi. Msimu wa tatu alipanda mashua kwenda bara kuleta maji matamu, akakuta huko kisima na mjane mwenye kisima, akabaki. Mót hakumfuata. Alisema afadhali, maana mtungi ungedumu zaidi.

Huku kwetu kifungua mimba haitwi wa Kwanza. Huitwa Pili, ili shetani anayewinda watoto wa kwanza apotee hesabu. Kwa hiyo Khạp, kaka yake mkubwa, alikuwa Pili, na Mót, mtoto wa tano, akawa Sita. Wa katikati yao, Tatu na Nne na Tano, vita viliwachukua. Walibaki hao wawili, na hao wawili hawakuweza kukaa mkeka mmoja bila kuvunja kitu. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wahenga walisema, lakini hawa walikuwa wamelima ugomvi wao mpaka mwisho wa shamba na wameanza upya.

Mót alikuwa msichana ndege za vita zilipopita chini chini zikimwaga dawa ya kuua miti. Msitu wa Sác ulipukutisha majani, na ulipopukutisha haukuchipua tena. Mikoko ilisimama mikavu, kisha watu wakaikata kuni, kisha wakang'oa hata mashina, kwani mtu akirudi kutoka vitani bado atataka wali ulioiva. Amani ilipokuja kulikuwa na tope tupu mpaka baharini. Kaa hakuna, kamba hakuna, ndege hakuna. Mama yao, mwanamke ambaye hakuwahi kutoa chozi mbele za watu, alikaa kwenye ukingo wa kijito akalia kwa sauti.

Baadaye serikali ilileta mbegu za mikoko kutoka Cà Mau, kusini, mashua baada ya mashua, vijiti vya kijani virefu kama mkono. Ilileta na vijana wa mjini kuja kuvipanda. Mót, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, akapewa kusimamia safu mojawapo. Siku ya kwanza aligeuka nyuma akaona kazi ya vijana wake, akahisi damu inampanda kichwani. Kijiti cha mkoko kina upande mnene, ndio unaotoa mizizi, na upande mwembamba, ndio unaotoa majani. Vijana wa mjini walikuwa wamegundua kwamba ule mwembamba unaingia topeni kirahisi zaidi.

"Nyie!" alinguruma. "Mlizaliwa mkitanguliza matako?"

"Shangazi, tumefanya nini?"

"Mmepanda msitu kichwa chini! Ng'oa! Ng'oeni vyote, mpaka kule!"

Waling'oa wakilia, na maji yalikuwa yanajaa. Yeye mwenyewe alipanda upya mpaka tope likamfika kifuani. Na hapo, kwenye kipande kile kilichokuja kuwa chake, alifanya jambo ambalo hakuna aliyemwamuru. Wasimamizi walisema kati ya kijiti na kijiti iwe hatua moja. Mót alipanda shibiri mbili. Alikuwa ameona kila kitu kikifa, miti, samaki, ndugu watatu, na mimba zake tatu mwenyewe, zilizotoka moja baada ya nyingine katika ile miaka ya kunywa maji yaliyomwagiwa dawa. Alijua nusu itakufa. Akaweka akiba.

Haikufa. Ilishika karibu yote.

Miaka ikapita, miti ikampita Mót kimo, ofisi ya misitu ikagawa ulinzi kwa kaya, naye akaomba kipande chake kwa kupiga ngumi mezani. Malipo yalikuwa mchele na mashua ya maji matamu. Kazi ilikuwa kuhakikisha hakuna mti unaotoka. Hiyo ndiyo kazi aliyozaliwa kuifanya, kusema hapana, na hakuna kisiwani aliyeisema vizuri kuliko yeye.

Mwizi wake mkubwa alikuwa Khạp. Kikulacho ki nguoni mwako. Khạp alikuwa na watoto sita, mke mwenye kikohozi, na wateja wa kuni sokoni ambao hawakutaka kuni nyingine ila za mkoko, maana huwaka sana na moshi wake ni haba. Wala hakuwa mwizi mjinga. Mwizi mjinga hukata mahali pamoja, akaacha uwazi unaoonekana toka mbali. Khạp aliingia maji yakijaa, mchana kweupe, Mót akiwa upande wa pili. Alikata mmoja, akaruka mitatu, akakata mwingine, akapaka tope kwenye kisiki. Hakuingia ndani, kwa kuwa mtumbwi haukuweza. Alibaki kwenye ukanda wa kando ya kijito. Ukipita kwa kasia huoni kitu. Mót aligundua kwa magoti, maji yalipokupwa, akitambaa na kuhesabu visiki kwa vidole.

Akamvizia, na siku ya nne akamkuta.

"Kaka Pili. Shuka."

"Siku hizi kaka mkubwa hasalimiwi, Sita?"

"Mwizi hasalimiwi. Shuka kwenye mtumbwi."

"Magogo matatu. Matatu tu! Unataka wanangu wale wali mbichi?"

"Wale samaki mbichi. Na hao samaki wamerudi kwa sababu ya miti unayoikata, zuzu wewe."

"Miti yangu, miti yangu! Ndio wimbo wako toka asubuhi mpaka jioni!" Khạp akatema mate majini. "Huna mwana, sasa unanyonyesha mikoko."

Mót alivuka tope hatua mbili, akainua panga kwa mikono miwili, akaupasua mtumbwi ubavuni. Ulizama taratibu, Khạp akiwa amekaa ndani yake bado, magogo matatu yakielea kumzunguka, maji yakimfika kiunoni. Alirudi nyumbani kwa miguu, akitumbukia kila hatua. Kesho yake alionekana na mtumbwi wa kuazima.

Maneno yale ya kunyonyesha yalimkaa Mót tumboni mwaka mzima. Alimchukia kaka yake, wala si chuki ya mchezo. Alilala nayo, akaamka nayo, na kila alipoona kisiki kipya ilipata chakula.

Mama yao alikuwa ameshafariki wakati huo. Kila mwaka, siku aliyokufa, watoto na wajukuu hukutana kwa mzaliwa wa kwanza, wanapika alivyovipenda marehemu, wanaviweka kwenye meza ya wazazi pamoja na ubani, wanamngoja ale, halafu ndipo wanakula wao. Hakuna anayekosa. Hata mtu aliyegombana na ukoo mzima huja, akaketi kimya, akala, akaenda zake. Kwa hiyo Mót alikwenda, amevaa shati safi, amebeba mtungi mdogo wa kaa wa chumvi. Nyumba ilijaa watu. Alimpita Khạp bila kumtazama, akaenda jikoni kusaidia.

Jikoni sufuria la mchuzi mchachu lilikuwa linachemka. Mót aliinama kusukuma kuni, akaona gome jekundu. Akavuta gogo moja, akalitazama kichwani lilipokatwa. Aliijua miti yake kama mtu anavyoyajua meno yake.

Wifi yake alikuwa wa kwanza kumwona. "Dada Sita, usi—"

Mót alishavuta. Alivuta gogo baada ya gogo likiwaka, akatoka nayo kwa mikono mitupu, akapita katikati ya wageni waliokuwa wanainuka kumpisha, akayatupa kijitoni. Yalilia majini. Alirudi kuchukua mengine. Sufuria lilipinduka safari ya tatu, mchuzi ukazima kilichobaki, na bata aliyekuwa ndani hakuwa ameiva hata nusu.

"Leo ni siku ya mama!" Khạp alipiga kelele. "Siku ya mama, Sita! Umemlaza mama njaa!"

"Mama hali cha wizi!"

"Mama alipikia kuni za wizi tangu vita! Kuni gani hazikuwa za wizi? Unafikiri wewe ulikuzwa na nini, na upepo?"

"Nimekuzwa na mama. Wewe sijui."

"Toka." Khạp alinyoosha mkono kwenye mlango. "Toka kwangu. Na mwakani usije. Utamfanyia mama karamu yako hukohuko matopeni, na nyani wawe wageni wako."

Kumfukuza ndugu siku ya mauti ya mzazi ni jambo ambalo halikuwahi kusikika Rạch Lá. Kuzima moto wa marehemu halikuwahi kusikika pia, kwa hiyo watu hawakujua wamlaumu nani kwanza. Mót alirudi kwake, viganja vimebabuka. Miaka mitatu iliyofuata alimwekea mama yake wali barazani peke yake. Nyani waliula, kama alivyotabiriwa.

Mwaka wa nne akaja Bi Thục, fundi wa ofisi ya misitu, mwanamke mpole mwenye miwani, kashika barua na ndoo ya rangi nyeupe. Alizunguka ndani ya kipande cha Mót nusu siku, akatoka na tope mpaka kwenye miwani.

"Bi Sita, nikuambie ukweli. Miti yako imesongamana. Ni mirefu na myembamba kama fito, majani yapo kileleni tu. Mizizi haina pa kutanuka. Inabidi tuipunguze. Nimeweka alama nyeupe kwenye itakayoondoka."

"Mingapi?"

"Nusu na ushei."

Mót alicheka, na Bi Thục akarudi hatua moja. "Na nani atakata?"

"Kikosi cha kitongoji. Kihalali. Vipande vyote vinapunguzwa, si chako peke yako."

"Kaka yangu yumo kwenye kikosi?"

Bi Thục alitazama ndoo yake. "Ndiye msimamizi. Wanasema anaujua msitu huu kuliko wote."

"Anaujua, ndiyo. Kama panya anavyolijua ghala."

Bi Thục alipoondoka, Mót aliingia na panga. Mti mmoja mmoja, alikwangua rangi na kupaka tope. Ilimchukua siku mbili. Bi Thục alirudi akapaka tena. Mót akakwangua tena. Mara ya tatu fundi yule alikaa barazani, akavua miwani, akazungumza kama anayezungumza na mgonjwa.

"Upepo mkubwa ukija, hii yote italala. Mti unaosimama kwa kuegemea mwenzake hausimami."

"Bi Thục, mwanangu. Nilipanda nikijua nusu itakufa. Haikufa! Dawa iliyobaki topeni haikuiua, kaa hawakuila, mawimbi hayakuing'oa. Sasa unataka niitoe mwenyewe, nimpe Khạp, kwa sababu ya barua?"

"Si kwa sababu ya barua."

"Nenda na ndoo yako."

Bi Thục aliandika kwenye daftari kwamba mlinzi amekataa, akaenda kwenye vipande vingine, na vingine vyote vikapunguzwa. Rạch Lá walipikia kuni halali mwaka huo wakacheka. Kipande cha Mót kikabaki vilevile, kiza ndani yake hata saa sita mchana, na yeye akijiona ameshinda.

Siku moja Khạp alikuja. Alisimamisha mtumbwi mbali, pasipofika jiwe.

"Sita! Nisikilize mara moja maishani mwako. Sitaki kuni. Ofisi imenipa za kutosha."

"Zamani uliiba bila barua. Sasa unaiba na muhuri."

"Punguza hata kidogo! Niache nikukatie hata safu za kule nyuma. Gogo moja sichukui, yote nakuachia hapo barazani!"

Mót alimmwagia ndoo ya magamba ya kaa. Hayakumfika, lakini ujumbe ulifika.

Ile dhoruba ilikuja mwezi wa kumi na mbili, wakati ambao dhoruba huwa hazina desturi ya kuja huku. Redio ilisema watu wote wa visiwani waende shule ya matofali. Mashua ya kata ilipita kwa Mót, aliifukuza. Ikarudi, akaifukuza. Mchana, mbingu zikiwa za kijivu na maji yameanza kuruka, Khạp alikuja na wanawe wawili wakubwa. Vijana walimbeba shangazi yao kama gunia, akiwauma wao na baba yao, naye Khạp akashika kasia. Mkononi ana kovu la meno ya dada yake mpaka leo.

"Umejenga nyumba kwenye fito," alimwambia kwenye upepo. "Utukane ukiwa hai."

Alitukana njia nzima. Shuleni alikaa kona yake, mgongo kwa watu, akasikiliza mabati.

Upepo ulipokwisha hakungoja mashua. Aliazima mtumbwi, akapiga kasia mwenyewe, na kitongoji kizima kikamfuata nyuma kwa mbali, kwa sababu watu ni watu. Vipande vya wengine vilikuwa vimevunjika matawi, vimechanika, lakini vilisimama. Akapinda kona ya kwake, akaacha kupiga kasia.

Kipande chake kilikuwa kimelala. Chote, kwa upande mmoja, mti juu ya mti, mizizi hewani, toka nyuma ya nyumba mpaka mwisho wa macho. Nyumba haikuwapo. Ilikuwa rahisi kuona mbali. Hapakuwa na kitu cha kuzuia macho, kama ile miaka ya baada ya ndege.

Ulisimama ukanda mmoja tu, kando ya kijito. Ndio uliokuwa mbele kabisa ya upepo, wa kwanza kupigwa, na ulisimama. Mót aliteremka topeni akaingia humo. Miti ilikuwa minene. Mizizi ilitanuka kila upande, imeshika tope kwa nguvu, na mwanga ulifika chini, na chini kulikuwa na vichipukizi. Alipiga magoti. Kati ya mti na mti alikuta kisiki cha zamani, kimeota kuvu. Akaenda mbele kidogo akakuta kingine. Kisha kingine. Alipitisha kiganja juu ya kimoja, kikamwachia tope kavu lililopakwa miaka mingi iliyopita.

Kwenye mitumbwi watu walikuwa wananong'ona. Mmoja akasema, si kwa sauti ndogo ya kutosha: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Wakangoja matusi. Matusi hayakuja, na hilo liliwatisha kuliko dhoruba. Mmoja mmoja waligeuza mitumbwi wakaondoka.

Khạp peke yake ndiye aliyeshuka. Alikuja akitumbukia, bandeji ya kitambaa mkononi, akasimama nyuma ya dada yake. Mót hakugeuka. Alikuwa bado amepiga magoti, mkono juu ya kisiki, machozi yanamtoka na hayafuti.

"Kaka Pili."

"Naam."

"Miaka yote ile. Kwa nini hukuiba zaidi?"

Khạp alitazama ile miti iliyolala, safu juu ya safu, kisha akamtazama yeye.

"Ungenikata shingo, Sita."

"Ningekukata," Mót alisema. "Lakini afadhali ungeiba tu."